Namna ya Kustaafisha Mguu wa Kushoto

Kaa chini na mguu wako wa kushoto uuambie ukweli. Usiuzungushe. Uambie kwamba umetumika kwa uaminifu miaka ishirini na tano, umekanyaga klachi kutoka Kariakoo hadi Tunduma, umekufa ganzi mara zisizo na idadi kwenye foleni ya Ubungo kabla barabara za juu hazijajengwa, na kwamba sasa umri umefika. Mguu utauliza habari za mafao. Hapo badilisha mazungumzo, maana kikokotoo kimewashinda wenye digrii zao, sembuse mguu.

Mimi sikuuambia kitu. Nilidhani utaelewa wenyewe. Gari la klachi mbili nilikabidhiwa Ijumaa. Jumamosi nikampakia mama mkwe pamoja na sufuria la pilau la shughuli ya Mbagala, na tulipokaribia tuta la kwanza nikataka kupunguza gia kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mguu wa kushoto ukaondoka kwenda kuitafuta klachi. Haikuwepo. Ilipokuwa ikikaa klachi sasa imejitandaza breki, pana kama kibao cha mbuzi, na mguu uliozoea kukanyaga mpaka chini ukakanyaga mpaka chini. Gari lilisimama palepale. Pilau haikusimama. Mama mkwe aliokota punje za wali kwenye mtandio wake, moja moja, kwa ustaarabu mkubwa, kisha akaniuliza, "Umeona nini, baba?"

"Paka, mama."

Kwenye tuta la pili nikaona paka mwingine.

Basi wewe usifanye kama mimi. Kabla hujapakia binadamu, nenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi wakati hakuna mtu, vua kiatu cha kushoto ukirushe kiti cha nyuma, na mguu uliobaki peku uuweke pale kushoto kabisa ambapo watengenezaji wameacha mahali pa kuupumzishia. Mguu peku una haya. Ukigusa pedeli ya baridi unashtuka na kurudi. Zunguka uwanja, simama, ondoka, simama. Rudia mpaka mguu wa kulia uzoee kufanya kazi ya mafuta na breki peke yake, na wa kushoto ukubali kukaa kama mzee wa mtaa, unaona kila kitu na haugusi chochote. Wapo wanaoshauri uukalie. Nilijaribu. Ulipata ganzi, na niliposhuka kununua maji nilianguka mbele ya duka.

Somo la pili linahusu majirani. Miaka yote hiyo umekuwa ukiwasimanga. IST, Vitz na Noah zilipoanza kushuka bandarini kwa wingi, watu wenye busara walihamia kuendesha kwa mguu mmoja, na sisi tukabaki na wenzetu wa daladala na wa malori, tukisema yale ni magari ya kina mama, kwamba otomatiki si kuendesha bali ni kuendeshwa. Nilisema hivyo kwenye harusi ya shemeji yangu, kwenye kipaza sauti. Sasa jirani anakuona unaingia getini, mkono wa kushoto umelala pajani kama wa bwana harusi, anapiga kofi: "Karibu kundini, bwana!" Usikaribie. Mjibu kwa upole: "Hili si otomatiki. Hili ni la gia za mkono, isipokuwa mkono si wangu."

Uzuri wa jibu hili ni kwamba ni la kweli, na ukilielewa umeshamaliza nusu ya mwongozo.

Katika otomatiki za kawaida tulizozizoea, injini na giaboksi zinapoanza safari hazishikani chuma kwa chuma. Kati yao kuna mafuta, na ndani ya mafuta kuna vitu kama feni mbili zinazotazamana: moja inazungushwa na injini, na mafuta inayoyarusha yanaizungusha ya pili. Ndiyo maana magari yale yanasamehe karibu kila dhambi. Yakanyage breki nusu, yaning'inize mlimani kwa kukanyaga mafuta, yatakoroga uji wao na kunyamaza.

Gari lako halina uji. Lina sahani za klachi zinazokamatana na kuachiana, ndugu wa damu wa zile ulizokuwa ukibadilishiwa na fundi, ila zimewekwa seti mbili. Na hapa hesabu za shule ya msingi, ambazo hukuwahi kujua zitakufaa wapi, zinakufaa: seti moja inatawala gia za witiri, ya 1, ya 3, ya 5, na ya 7 kama ipo, nyingine inatawala za shufwa. Rivasi imepewa mojawapo, kadiri mtengenezaji alivyopenda. Unapokuwa gia ya 3 unapandisha mwendo, ya 4 imeshaingizwa kwenye shafti ya pili, inasubiri. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikikamata. Umewaona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja: mchi mmoja ukiwa chini, mwingine uko juu tayari, na kinu hakipati nafasi ya kupumua. Ndivyo ilivyo. Na kama umewahi kuwaona wakipotezana, michi ikagongana, basi unajua pia sauti utakayoisikia siku giaboksi ikiumwa.

Fundi wangu wa Gerezani alinieleza kwa mfano tofauti, wa mwanamume mwenye nyumba mbili ambaye akiwa bado kwa bi mkubwa, kwa bi mdogo chakula kimeshapakuliwa. Ulikuwa mfano mzuri sana. Lakini mke wangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni, na mfano ukakatikia hapo.

Ukitaka kujua nani wa kumlaumu, mtaje Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyefikiria klachi mbili ndani ya giaboksi moja mwishoni mwa miaka ya 1930. Huyu bwana ujana wake aliutumia kutunza magari ya mfalme wa mwisho wa Urusi, na ndiye aliyeyavalisha mikanda kwa nyuma badala ya magurudumu ili yapite kwenye theluji. Mikanda hiyohiyo iliwabeba watu wa Citroën katika msafara wao wa kuikata Afrika, 1924 hadi 1925. Walipofika Uganda waligawanyika makundi manne, na moja likaja kutokea hapahapa Dar es Salaam. Kwa hiyo mvumbuzi wetu alitutumia magari yake kabla hajatutumia klachi zake. Vita vikaingia, akafariki 1943, wazo likabaki kwenye makaratasi. Porsche walilifanyia kazi kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, na 2003 Volkswagen wakalitia kwenye Golf R32, gari ambalo mtu wa kawaida mwenye pesa zisizo za kawaida angeweza kulinunua. Na wewe wa Canter unayesoma haya ukicheka, punguza: mwaka 2010 Mitsubishi Fuso walitoa Canter ya klachi mbili, giaboksi wakaiita Duonic.

Kinachochekesha ni kwamba wazee wetu walikuwa na klachi mbili kitambo. Dabo klachi. Land Rover za zamani, gia ya 1 na ya 2 hazikuwa na kile kifaa cha kulinganisha mizunguko, kwa hiyo ulikanyaga klachi, ukatoa gia mpaka fri, ukaachia klachi, ukapiga mafuta kidogo, ukakanyaga tena, ndipo ukaingiza. Ukikosea, giaboksi inakutukana mbele ya abiria. Baba yangu mdogo, aliyeendesha Fiat za kupeleka mafuta Zambia, alikuwa akiifanya huku anamenya chungwa. Walichofanya Wazungu ni kuichukua ile ngoma ya mguu wake wakaipa kompyuta. Chungwa wakaliacha.

Tuje kwenye mkono wa kushoto, ambao ni mkaidi kuliko mguu. Mguu ukiwekwa pembeni unakaa. Mkono hauna pembeni. Utakuwa unazungumza na mtu kuhusu bei ya saruji, injini inapandisha sauti, na mkono unaondoka wenyewe kwenda kwenye liva. Pale kuna P, R, N, D na S. Ukiipiga D kwa nguvu ya mazoea inaweza kwenda S, ambayo ni ya spoti, na gari litang'ang'ania gia za chini linaguruma kama limeona mdai wake. Hilo ni dogo. Baya ni kwenda N kwenye mteremko. Dawa ni kuupa mkono kazi. Mimi niliupa korosho. Kwa miezi miwili niliongezeka kilo nne, lakini liva haikuguswa.

Utakuta pia kwenye liva, au nyuma ya usukani, alama ya kujumlisha na ya kutoa. Hizo zimewekwa kwa ajili yetu sisi wenye kiburi: ukigusa kujumlisha gia inapanda, ukigusa kutoa inashuka. Usidhani ni mamlaka. Ni sanduku la maoni. Omba gia ya 1 ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa uone; kompyuta itakusoma, itaweka barua yako kwenye faili, na haitakujibu. Hata hivyo usizidharau, tutazihitaji mbele ya safari.

Sasa foleni, na hapa naomba uniazime masikio yote mawili, kwa sababu hapa ndipo magari haya yanapofia.

Gari la klachi mbili likisimama, ukiwa umekanyaga breki sawasawa, klachi inaachia na kupumzika. Ukianza kulegeza breki, inaanza kukamata polepole ili gari litambae. Kutambaa huko ni nusu klachi, ileile uliyokatazwa na mwalimu wako wa udereva. Ukiendesha Mandela Road saa kumi na moja jioni kwa staili ya IST, breki nusu, kutambaa hatua mbili, breki nusu, hatua moja, umeshikilia nusu klachi kwa saa nzima. Tofauti ni nani anayeumia. Zamani nusu klachi ilikuuma goti, na goti likakufundisha adabu. Sasa anayeumia yuko ndani ya boksi, kimya, na utakayepelekewa taarifa ya msiba ni wewe, kwenye karatasi ya fundi yenye tarakimu nyingi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kanyaga breki yote au achia yote. Usitambae. Acha la mbele liondoke, subiri ipatikane nafasi ya gari moja na nusu hivi, kisha nenda kama mtu mwenye nia, usimame tena. Kanuni nzuri kabisa, imetungwa na watu ambao kwao mwanya barabarani ni mwanya. Kwetu nafasi ya gari moja na nusu ni kiwanja kisicho na hati. Siku ya kwanza kuitii niliingiziwa bajaji tatu, daladala moja, bodaboda ambazo sikuzihesabu, na mkokoteni wa magodoro. Muuza karanga alisimama mbele ya boneti akapanga vifungu vyake. Kwa hesabu zangu nilikuwa narudi nyuma kuelekea baharini. Lakini klachi ilikuwa baridi kama mtungi, na nilipofika nyumbani saa tatu usiku nililipapasa gari kwenye boneti nikaliambia, tumeshinda.

Kituo cha mtihani ni kivuko cha Magogoni. Najua daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, na mtu mwenye akili hupita huko. Lakini siku hiyo nilitaka upepo wa bahari.

Kuingia ni kuteremka, hakuna neno. Kutoka ni kupanda, tena kupanda kwenye bamba la chuma lenye mchanga na maji, huku watu wa miguu, baiskeli za samaki na akina mama wenye ndoo wanapita ubavuni, na jamaa wa kivuko anakuita kwa vidole viwili: njoo, njoo, njoo, simama hapohapo. Katika gari la gia za mkono, hapa ndipo dereva anapojulikana. Hukanyagi breki, huvuti handbreki. Unalibalansi gari kwenye klachi, linaning'inia mlimani halipandi halishuki, linatetemeka kidogo kama mwali, na abiria wanakutazama kwa jicho la heshima. Nami nikalibalansi. Kwa kuwa pedeli ya klachi haipo, nililibalansi kwa mafuta.

Kwa nusu dakika lilikaa vizuri. Halafu ikaja ile harufu, ya kwato zilizochomwa zikachanganywa na bati la breki, ambayo kila aliyewahi kupanda lori anaijua kabla hajajua kusoma. Kijana mmoja mwenye ndoo ya pweza akagonga kioo: "Bosi, klachi hiyo!"

Nikamjibu kwa jeuri, "Hili gari halina klachi!"

Nilikuwa nazo mbili, moja ikiwa inaungua.

Gari likaanza kutikisika, taa ikawaka kwenye dashibodi, na mwenye vidole viwili akabadilisha akatumia mkono mzima. Wewe, ukifika pale, simama kwa breki. Mengi ya magari haya yana kitu cha kulishikilia gari mlimani kwa sekunde chache baada ya kuachia breki, muda unaotosha mguu wa kulia kuhama kwenda kwenye mafuta. Sekunde chache ni chache, usizitumie kumsalimia mtu. Hamisha mguu, kanyaga, panda. Ukiambiwa simama, breki tena. Utaonekana mwanafunzi. Onekana.

Na kabla ya yote hayo ungepaswa kujua klachi zako ni za aina gani, maana zipo zinazoogelea ndani ya mafuta na zipo kavu. Za mafutani huvumilia joto zaidi, kwa hiyo hupewa injini zenye nguvu. Kavu ni nyepesi, hazipotezi nguvu nyingi, na hupewa magari madogo, ambayo ndiyo tunayoyamudu, na ambayo ndiyo tunayoyapeleka kwenye foleni. Mwulize anayekuuzia. Atasema, "Freshi tu, bosi, halijawahi kufunguliwa." Hilo si jibu, lakini limesemwa kwa uchangamfu.

Zinazoogelea zinataka mafuta mapya kila baada ya muda. Za Volkswagen, kwa mfano, nyingi ni kila kilomita 60,000. Mafuta yenyewe ni maalumu. Kuna fundi wa mtaani, mtu mwema, aliyelea Corolla za mtaa mzima, ambaye atakuja na kopo la ATF nyekundu akisema gia ni gia. Mpe chai, mpe soda, mpe hata mkopo, ila usimpe giaboksi. Mwenye kuijua kazi hii anaanza kwa kuchomeka kompyuta, na akishabadilisha klachi anaifundisha giaboksi upya mahali zinapokamata. Hilo wewe unalielewa kuliko mwenye IST yeyote. Ukiazima gari la mtu, si kitu cha kwanza ulichokuwa ukikitafuta ni klachi yake inashikia juu au chini? Boksi nalo linatafuta hivyohivyo.

Kitabu cha mwongozo kitakuwa kwenye droo ya dashibodi, kwa Kijapani. Gari lenyewe pia huzungumza. Langu kila asubuhi linaniambia maneno mazima mazima kwa sauti ya dada mpole. Mtu aliyesoma Osaka aliniambia linaulizia kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Nimekuwa nikimjibu, "Bado, dada."

Betri ikifa, usiwaite watoto wa mtaa wasukume. Najua umezoea: gia ya 2, klachi chini, wanasukuma hadi mteremko wa msikitini, unaachia, linakohoa, linawaka, unawatupia shilingi elfu mbili wagawane. Humu bila umeme hakuna wa kuikamatisha hiyo klachi, watasukuma hadi Chalinze. Nunua waya za kuazimia moto kwa jirani. Ndiyo, yule uliyemsimanga. Na ukivutwa kwa kamba, kwanza mtafute anayesoma Kijapani, kwa sababu vitabu vingi huweka mpaka wa umbali na mwendo.

Kuhusu kurudi nyuma kwenye maegesho nina neno moja: polepole. Kuna nguzo ya geti langu inayojua neno la pili.

Kilichobaki ni mlima wa Kitonga. Mwezi wa sita nilikwenda Iringa kumchukua baba mdogo aje Dar kutazamwa macho. Kwenda, tulipanda nyuma ya msururu wa malori yanayokwenda mwendo wa jeneza, gari na mimi tu, nikafanya kama nilivyokuandikia: nikaomba gia ya 1 kwa alama ya kutoa ili boksi lisihangaike kati ya mbili, nikaacha lori litangulie, nikaenda, nikasimama. Tulifika juu bila harufu. Nilijipongeza peke yangu kwa sauti.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani, kwa sababu alikuwepo mtahini. Baba mdogo alikaa kiti cha kushoto, fimbo kati ya magoti, kichungwa mkononi, akatazama chini ya usukani wangu muda mrefu.

"Klachi iko wapi, mwanangu?"

"Ziko mbili, baba. Ziko ndani."

"Nani anaingiza gia?"

"Kompyuta."

Hakusema kitu mpaka tukapita Ilula. Kisha tukaukuta mlima, na gari, likiwa kwenye D, likafanya linalofanya kila unapoinua mguu kwenye mafuta: likapandisha gia ili libane matumizi, likaanza kuelea kuteremka. Baba mdogo aliacha kumenya. Enzi zake mtu aliyeteremka Kitonga na gia nyepesi alizikwa na kijiji kilichokuwa karibu.

"Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma jina kaburini.

Nikahamia kwenye alama. Kutoa: ya 4. Kutoa: ya 3. Injini ikalishika gari, breki zikapumzika. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio ya mbali, na taratibu chungwa likaanza tena kuzunguka mkononi.

"Huyo wa humo ndani," akasema, "si mjinga."

Mbele yetu tangi la mafuta likawasha taa za breki, kona kali ikafuata. Nilikuwa bado nafikiria.

"Ya 2," akasema baba mdogo.

Nikagusa alama ya kutoa. Gari likaingia gia ya 2 bila kutikisika. Ganda la chungwa likaendelea kushuka, refu, halijakatika, na chini yake, juu ya zulia, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga mara mbili.